Jinsi ya Kuficha Kwamba Ulidhani Injinia ni Mwanamume

Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, siku ya mishahara, na mfumo wa malipo wa kampuni moja ya Dar es Salaam ulikuwa umegoma tangu asubuhi. Tukaitwa. Tuliingia watu watatu. Mbele mhandisi wetu mkuu, mwanamke mwenye miaka kumi na miwili kazini, kompyuta mpakato kwapani. Nyuma yake mwanafunzi wa chuo, wiki yake ya tatu ya mafunzo kwa vitendo, amebeba mkoba wa nyaya. Mimi wa mwisho, na faili.

Meneja akainuka, akampita mhandisi, akamshika mwanafunzi kwa mikono miwili. "Karibu sana injinia, tumekusubiri kweli!" Kisha akamgeukia mhandisi. "Dada, karibu. Maji yako pale kwenye kona, hebu tusogezee."

Mwanafunzi akabaki na mkono umeshikiliwa, macho yanamtafuta bosi wake. Mhandisi hakusema neno. Akavuta kiti, akafungua kompyuta, akaomba nywila ya seva.

Rafiki yangu, inawezekana meneja yule ni wewe. Kama si wewe, ni shemeji yako, au mwenyekiti wa kamati yenu ya manunuzi. Sikuja kukuungamisha. Najua hukuwa na nia mbaya. Umeona mafundi wengi wanaume, kichwa kimezoea, kikajibu kabla hujakiuliza. Najua na jambo la pili: hupendi kuonekana mshamba mbele za watu. Nani anapenda? Basi tukamatie hapo hapo.

Nakupa hatua nane za kuficha. Utaniambia mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, na moyo wako utautibu kwa wakati wako. Lakini mhandisi aliyekuja kuinua mfumo hawezi kusubiri upone. Hakuja kukagua moyo. Anataka kiti, nywila na kusikilizwa. Ukimpa hivyo vitatu, yaliyomo kichwani mwako hayatamgharimu hata senti.

Hatua ya 1: Jifiche nyuma ya "a"

Una bahati ambayo wengi hawana: unasema Kiswahili. Injinia amefika. Anaomba nywila. Mpe kiti chake. Sentensi tatu zimepita na hakuna aliyejua kama ulikuwa unamfikiria mwanamume au mwanamke. Mwingereza akitaka kusema hayo hayo, mazoea ya lugha yake yanamdai achague: he au she. Akikosea, amekosea hadharani. Wewe lugha imekusitiri tangu utotoni, bure, bila semina wala posho.

Kwa hiyo usijivue mwenyewe. Watu wengi husitiriwa na ile "a" mwanzoni mwa sentensi, halafu wanajifunua mwishoni. "Injinia akifika, mwambie huyo jamaa apande ghorofa ya tatu." "Waiteni wale kaka wa kompyuta." "Mzee wenu wa mtandao yuko wapi?" Lugha haikukulazimisha kusema jamaa, kaka wala mzee. Umeyatoa mwenyewe mfukoni.

Njia ya mkato ni hii: kabla hujatuma ujumbe, futa neno hilo na uache cheo kifanye kazi. "Injinia akifika, apande ghorofa ya tatu." Ujumbe umekuwa mfupi na wewe umeokoka. Atakayepanda ngazi awe yeyote, hutahitaji kumtazama mara mbili.

Hatua ya 2: Kagua mashine ilichokutafsiria

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu kazi zetu nyingi zinaishia kwenye Kiingereza: mkataba, ripoti, barua pepe kwa mteja wa nje. Umeandika vizuri, "Injinia atakuja na vifaa vyake." Ukabandika kwenye programu ya kutafsiri. Ikakurudishia his. Stara yote ya bibi na babu imevuliwa kwa kubonyeza mara moja, na barua ina saini yako.

Usidhani ni ajali. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Shirikisho cha Rio Grande do Sul, nchini Brazil, walichukua lugha 12 ambazo kiwakilishi chake hakitaji jinsia, Kiswahili kikiwa mojawapo. Wakaipa Google Translate sentensi fupi za mtindo wa "yeye ni" fulani, kwa orodha ndefu ya kazi, kisha wakahesabu kilichorudi kwa Kiingereza. Mashine ilielemea uanaume, hasa kwenye kazi za sayansi na teknolojia, na mgao wake haukulingana na idadi halisi ya wanawake wanaofanya kazi hizo nchini Marekani. Desemba ya mwaka huo huo Google ikaanza kutoa tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, ikianza na sentensi za Kituruki kwenda Kiingereza, kwa sababu Kituruki nacho kina kiwakilishi kisichotaja jinsia.

Mashine haikuzaliwa na mawazo hayo. Ililishwa mamilioni ya kurasa tulizoandika sisi binadamu, ikajifunza kwamba penye injinia hufuata he. Inakurudishia ulimwengu kama tulivyouandika. Wewe usiusaini.

Fanya hivi: tafsiri ikishatoka, pita kwenye he, his na him zote, moja moja. Kama unamjua mtu, weka jina lake. Kama humjui, rudia cheo chake. Ukiona sentensi imekuwa nzito, tumia they; Waingereza wenyewe wameitumia kwa mtu mmoja asiyejulikana kwa karne nyingi. Itakuchukua dakika mbili. Kumwandikia mteja barua ya pili ya kusahihisha ya kwanza kutakuchukua asubuhi nzima.

Hatua ya 3: Likiwa dogo, likubali likiwa bado dogo

Siku moja mtu atakuja kwako na karatasi. Atasema: kadi ya mwaliko wa sherehe ya mwisho wa mwaka imeandikwa "Injinia na mkewe". Au: fomu ya bima ina mstari wa "jina la mke" na hauna wa mume. Atakuomba ubadilishe. Ulimi wako utataka kujibu, "Tuna mambo makubwa ya kufanya hapa."

Uzuie. Mwaka 2013 kulizuka mzozo kwenye libuv, maktaba ya programu huria ambayo jukwaa la programu liitwalo Node.js limejengwa juu yake. Kwenye maelezo yaliyoandikwa ndani ya msimbo, mtumiaji wa programu alikuwa ametajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Mtu akaleta pendekezo: badala ya kiwakilishi cha kiume, tuweke kisichotaja jinsia. Herufi chache tu. Mmoja wa wasimamizi akalikataa kwa hoja kwamba ni jambo dogo mno. Mzozo uliofuata ulikuwa mkubwa mara elfu kuliko pendekezo lenyewe. Ulitoka nje ya mradi, ukaziingiza kampuni, na msimamizi yule akaishia kuondoka. Mabadiliko yale yaliingizwa.

Jifunze hesabu yake. Kama jambo ni dogo kweli, kulikubali ni kazi ndogo. Ukianza kulipigania, umeshatuonyesha kwamba kwako si dogo. Chukua kalamu, andika "Injinia na mwenzi wake", rudisha karatasi, sema asante. Aliyekuletea atakwenda kuwaambia wenzake kwamba wewe ni mwelewa, na sifa hiyo utaila mwaka mzima kwa jasho la dakika moja.

Hatua ya 4: Mlangoni, mkono uende kwa anayetangulia

Mlango ukifunguka, kichwa chako kitaanza kumtafuta injinia kati ya nyuso. Usikiruhusu. Mpe mkono aliye mbele, kisha anayefuata, kisha wa mwisho, kama mtu anayepokea wageni nyumbani kwake. Halafu uliza swali moja: "Nani anaongoza kazi hii?" Uliza ukiangalia katikati, si ukimwangalia mwanamume aliye mrefu kuliko wote. Kisha nyamaza. Jibu litakuja lenyewe na utaonekana mtu wa utaratibu.

Sasa twende kwenye neno "dada", kwa sababu najua utalitetea. Ni neno zuri. Kwenye daladala, sokoni, msibani, ni neno la heshima na udugu, na sina ugomvi nalo. Ugomvi unaanza pale kijana wa kubeba nyaya anapoitwa injinia na mkuu wake anaitwa dada. Hapo udugu umetumika kumshusha cheo. Hata "mama", neno kubwa kabisa kwetu, hushusha likisimama peke yake kati ya "mkuu", "bosi" na "mhandisi".

Kanuni haina ugumu: chumba kimoja, mizani moja. Kama wote ni dada na kaka, sawa, sote ni ndugu. Kama mmoja ni injinia kwa cheo chake, basi na mwenye cheo kama hicho ni injinia. Ukisahau jina, cheo kinakuokoa. Ukisahau cheo, uliza, "Tukuiteje?" Hakuna aliyewahi kuchukia kuulizwa hivyo.

Hatua ya 5: Chai iwekewe zamu

Nenda ofisi yoyote ya kompyuta yenye wanaume saba na mwanamke mmoja. Kikao kikianza, mtu atauliza, "Nani ana mwandiko mzuri atuandikie muhtasari?" Angalia vichwa vinapogeukia. Chai ikiletwa, angalia nani anatazamwa aimimine. Hakuna aliyetoa amri. Macho yametosha.

Mwandiko na kikombe vina gharama. Anayeandika muhtasari haongei, na asiyeongea kwenye kikao hakumbukwi wakati wa kupandishwa vyeo. Mwisho wa mwaka utafungua faili lake uandike "hachangii sana mawazo", ukiwa umesahau kwamba kila alipotaka kuchangia alikuwa anaandika yako.

Dawa ni karatasi moja ukutani. Andika majina yote ya timu kwa alfabeti, la kwako likiwemo, kisha weka safu mbili: muhtasari, chai. Zamu inazunguka kila wiki. Hutahitaji hotuba ya usawa. Ikifika zamu yako, mimina chai mbele za watu bila kutangaza. Najua utapenda waone, na ni haki yako: wataona.

Ukiwa na pumzi iliyobaki, itumie kwenye mawazo. Mwanamke akisema jambo, likapita kimya, kisha mwanamume akalirudia dakika kumi baadaye na chumba kikashangilia, wewe sema: "Ndilo alilosema injinia pale mwanzo, hebu aendelee." Maneno machache, na umemrudishia mali yake kabla haijauzwa.

Hatua ya 6: Sifia kazi, na ubebe majina manne

Utataka kusifia. Ni vizuri. Ila kuna sifa zinazokutaja wewe kuliko unayemsifia. "Kwa mwanamke, anajua sana." "Anapiga kazi kama mwanamume." "Injinia wetu wa kike." Kila moja inasema: nilishangaa. Na mshangao ndio uliokuwa unauficha.

Sifia kilichofanyika. "Ripoti ilikuwa inachukua dakika tisa, umeifikisha sekunde ishirini. Umefanyaje?" Swali la mwisho ndilo lenye thamani. Litamfanya azungumze kazi, wewe utajifunza kitu, na watu watadhani ulikuwa unakijua nusu yake.

Na ukitaka kuonekana msomi kabisa, beba majina manne, uyatoe pale mtu atakaposema teknolojia ni ya wanaume.

La kwanza, Ada Lovelace. Mwaka 1843 alichapisha maelezo juu ya mashine ya kukokotoa aliyoibuni Charles Babbage, na ndani yake akaweka hatua za kuifanyisha hesabu. Mashine yenyewe haikuwahi kukamilika, lakini programu yake ilikuwa tayari karatasini.

La pili, Grace Hopper. Kazi yake iliweka msingi wa COBOL, lugha ya kompyuta iliyoanza mwaka 1959. Mabenki mengi duniani yanaitumia mpaka leo. Mwanao anaposubiri ada itumwe kutoka nje, huenda inapita kwenye kazi ya mama huyo.

La tatu, Susie Lonie. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya na Safaricom mnamo Machi 2007, yeye na Nick Hughes wa Vodafone walikuwa wameihangaikia kwa miaka, na yeye ndiye aliyekuwa Kenya akisimamia majaribio. Umetuma pesa mara ngapi wiki hii?

La nne, Juliana Rotich, mmoja wa waanzilishi wa Ushahidi pamoja na Ory Okolloh. Ushahidi ni programu iliyozaliwa mwanzoni mwa 2008, wakati Kenya inawaka baada ya uchaguzi, ili wananchi waripoti maovu kwa simu na yaonekane kwenye ramani. Baadaye ilitumika katika majanga ya nchi nyingine, Haiti ikiwemo mwaka 2010. Jina la Kiswahili, na wanawake mezani tangu siku ya kwanza.

Kama una muda wa hadithi moja tu, wape ya ENIAC. Februari 1946, huko Philadelphia, Marekani ilionyesha dunia kompyuta kubwa ya kielektroniki yenye mirija ya utupu (vacuum tubes) zaidi ya 17,000. Ilikokotoa njia ya kombora kwa sekunde chache, waandishi wa habari wakapigwa butwaa. Walioipanga mashine ile ifanye kazi walikuwa wanawake sita: Kathleen McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Jennings na Snyder ndio walioandaa onyesho la siku hiyo. Usiku kukawa na chakula cha kusherehekea. Hawakualikwa. Miaka ya 1980, mwanafunzi aitwaye Kathy Kleiman aliona picha za wanawake waliosimama kando ya ENIAC akauliza ni akina nani. Akajibiwa kwamba ni warembo waliowekwa kuipamba picha.

Asiyekuwapo na lake halipo. Wale walikuwapo, na lao bado lilipotezwa kwa miaka arobaini. Hapo siwezi kuongea taratibu. Kazi ilikuwa yao, ushahidi ulikuwa kwenye picha, na watu waliitazama picha hiyo wakaona mapambo.

Hatua ya 7: Ziba jina kabla hujasoma wasifu

Una nafasi moja ya kazi na wasifu sitini mezani. Ukurasa wa kwanza wa kila mmoja, kama ilivyo desturi yetu, una picha, jinsia, hali ya ndoa, pengine na idadi ya watoto. Kichwa chako kitamaliza usaili kabla hujafika kwenye ujuzi.

Mpe katibu kalamu nyeusi. Azibe jina, picha, jinsia, ndoa na watoto. Akupe kilichobaki. Chagua kumi, kisha uwafunue. Kama unajiamini kwamba hubagui, kalamu haitakupunguzia kitu. Kama hujiamini, imekuficha.

Usiikabidhi kompyuta kazi hiyo ukadhani imekuwa safi. Mwaka 2018 shirika la habari la Reuters liliripoti kwamba Amazon ilikuwa imejaribu programu ya kuchuja waombaji kazi, iliyofunzwa kwa maombi ya miaka kumi ya nyuma, mengi yakiwa ya wanaume. Programu ikajifunza kuushusha wasifu wenye neno "wanawake", kama kuwa kiongozi wa klabu ya sataranji ya wanawake. Ikabidi iachwe.

Kabla ya mashine hizo kulikuwa na bahasha. Mwaka 1962, Uingereza, Stephanie Shirley alianzisha kampuni ya kuandika programu kwa mtaji wa pauni 6. Akaandika barua kwa kampuni mbalimbali kuomba kazi, akisaini jina lake. Hazikujibiwa. Mumewe akamshauri atumie jina la utani la nyumbani, Steve. Akasaini Steve, barua zikaanza kujibiwa, na kazi zikaja. Wafanyakazi wake walikuwa karibu wote wanawake, wengi wakiandika programu nyumbani huku wanalea. Kazi ya kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde ilipita mikononi mwao. Baadaye sheria ya mwaka 1975 ya kuzuia ubaguzi wa jinsia ilipotoka Uingereza, ikambidi aanze kufungulia wanaume mlango kwa usawa.

Ujuzi katika barua ya Stephanie na ya Steve ulikuwa ule ule. Waliokosa ni wale ambao hawakujibu ya kwanza.

Ukifika kwenye usaili, weka kipimo hiki mezani: swali usilomuuliza mwanamume, usimuulize mwanamke. Utaolewa lini, mtoto atabaki na nani, mume ameridhia usafiri? Kama kwako ni ya lazima, muulize na mwanamume nani atamchukua mtoto shuleni saa nane. Utaona anavyokutazama. Basi hivyo ndivyo na mwanamke alivyotaka kukutazama.

Hatua ya 8: Ukishikwa, tubu kwa sekunde kumi

Utateleza siku moja. Mimi nimekuona, wenzako wamekuona, na injinia mwenyewe amekuona. Sasa sikiliza, kwa sababu hapa ndipo watu huharibu zaidi ya walipokosea.

Usiseme "Lakini hufanani na injinia!" Usiseme una mabinti watatu unaowasomesha. Usicheke ili na yeye acheke. Usimfuate kwenye korido umweleze moyo wako kwa dakika ishirini. Umeshamchukulia heshima, usimchukulie na muda. Sema: "Samahani, injinia. Nilikosea. Karibu." Halafu mrudishie ulichompokonya. Kama ni kiti, mpe kiti. Kama swali lake ulimwelekezea mtu mwingine, lirudishe kwake. Kama ulimtuma maji, nenda kayachukue mwenyewe, umsogezee na yeye.

Meneja wetu wa Ijumaa ile alipata nafasi hiyo, na akaikosa. Saa nane mchana mfumo ulikuwa umeinuka. Tatizo lilikuwa dogo na la kijinga: diski ya seva ilikuwa imejaa, faili za kumbukumbu za miezi kumi na minane zimerundikana na hakuna aliyezisafisha. Mhandisi alizihamisha, akaandika programu fupi ya kuzisafisha kila usiku, akasubiri malipo ya kwanza yapite, ya pili, ya tatu. Watu wakaanza kupokea ujumbe wa mshahara kwenye simu zao mle mle ofisini. Meneja akamwendea tena mwanafunzi, mikono miwili. "Injinia, umetuokoa."

Kijana akasema, "Injinia ni huyu, mzee. Mimi nipo mafunzoni."

Meneja akacheka. "Huyu? Hata hafanani!" Mhandisi akampa fomu ya kazi asaini.

Njiani kurudi nilimuuliza kama amechoka. Akasema, "Sichoki na seva. Nachoka kujitambulisha." Mwaka uliofuata alituacha, akaenda kufanya kazi nchi nyingine. Nilipoagana naye sikuwa na neno la kumzuia, kwa sababu siku ile nilikuwa nimesimama pale na faili mkononi, na sikufungua mdomo.

Ndiyo maana nimekuandikia. Hatua hizi nane hazihitaji uwe mtu mwema kuanzia kesho. Zinahitaji kalamu nyeusi, karatasi ya zamu na ulimi unaosubiri kidogo. Ijumaa ya mwisho wa mwezi itafika tena na mfumo wako utagoma tena. Mlango ukifunguliwa, mpe mkono anayetangulia, mwite injinia, umwonyeshe seva ilipo.